Kama unaweza kurudisha muchezaji moja tu wa zamani mu Mazembe ya leo, utarudisha nani?

MutotoWaKamalondo (Lubumbashi)

Jambo yenu bote bandugu. Juzi mangaribi tulikuwa tunakaa inje kwetu Kamalondo, batu kama sita hivi, maneno ya balo tu, na ikafika pa saa batu balianza kusimama na kuonyeshana vidole, ata majirani balitoka kuona kuko nini. Njo nikasema acha nilete hii maneno hapa, pengine mutatusaidia.

Ulizo ni hii: bakikuambia unaweza kurudisha muchezaji moja tu wa zamani wa TP Mazembe, ekipe yetu ya balo ya hapa Lubumbashi, vile alikuwa siku zake za nguvu, umuingize mu ekipe ya leo, utarudisha nani? Moja tu. Musiniletee bachezaji kumi na moja juu hiyo kila mutu anajua kufanya. Na useme atakuja kutengeneza nini, juu ukisema tu "alikuwa muzuri", bote balikuwa bazuri.

Sababu ya kuuliza iko. Mwaka 2024 tulifika demi-finali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, Al Ahly ya Misri balikuja hapa, 0-0, nilikuwa mu stadi naona vile tunapeleka balo mbele na kila mara inakufa mbele ya goli yao, hakuna mutu wa kufanya kitu yenye hawaingojei. Kisha kule Cairo balitufunga 3-0. Sezoni yenye ilifuata ikakuwa mbaya zaidi, tuko mu grupu na Al Hilal, MC Alger na Yanga, hapa kwetu tunagawana 1-1 na Yanga, tunaenda Dar mwezi wa kwanza 2025 banatupiga 3-1, tunatoka. Mazembe kutoka mu grupu! Ekipe yenye iko na vikombe 5 ya ile mashindano, 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Ile usiku sikulala, nasema kweli.

Jibu yangu mi ni Trésor Mputu. Huyu alikuwa anapokea balo akiwa amepatia goli mugongo, bekki iko nyuma yake inamusukuma, na bado wewe mwenye kukaa pa tribini unajua kuko kitu itatokea. Mwaka 2009 CAF, bakubwa ya balo ya Afrika, ilimupa zawadi ya muchezaji bora mwenye anachezea hapa Afrika, na ile mwaka pia Léopards, ekipe ya inchi yetu, balikamata CHAN ya kwanza (kikombe ya mataifa kwa bachezaji benye banachezea inchi zao) kule Côte d'Ivoire na yeye njo alikuwa bora wa mashindano. Nilikuwa mutoto, mujomba wangu alikuwa ananibebaka pa mabega tukienda Kibassa Maliba, juu stadi yetu ya Kamalondo ilifunguliwa 2011 tu. Siku ya Espérance ya Tunisia nilikuwa kule, finali ya 2010, tuliwapiga 5-0, Lubumbashi yote hakuna mutu alilala. Nikifunga macho naona ile ekipe na naona Mputu. Kama Mputu wa siku zile alikuwa pa uwanja siku ya Al Ahly, ile 0-0 haingebakia 0-0.

Sasa munipe yenu.

MwanaBirere (Goma)

Aksanti kwa ulizo ndugu. Mi niko Goma lakini hii ekipe si ya Katanga peke yake, siku ya mechi kubwa njoo Birere utaona majezi nyeusi na nyeupe utazani uko Kamalondo.

Mi ni Samatta na sitafuti mbali. Wewe mwenyewe umesema shida: balo inafika pale mbele inakufa. Sasa unarudisha mutu wa kupeleka balo kwa nani? Sisi tunakosa mutu wa kumaliza. Mbwana alikuja kutoka Simba mwaka 2011, alikuwa kijana, ata kuzungumuza na bachezaji ya ile ekipe naona haikumupa shida juu Swahili iko huku na kule, na akakaa, akakomaa pale pale, hakutoka baada ya sezoni moja. 2015 alifunga goli 7 mu Ligi ya Mabingwa. Finali ya kwanza kule Algiers na USM Alger, Kalaba anafunga, Samatta anafunga penalti, 2-1 kwao! Kisha tarehe 8 mwezi wa 11 Lubumbashi, Samatta tena penalti, Roger Assalé anamalizia, 2-0. Hiyo mechi nilifuata mu nyumba moja ya Birere mwenye banaonyeshaka mpira kwa mia chache, batu balikuwa bamejaa mpaka bengine banasimama ku dirisha, na wakati anaweka balo chini kwa penalti nyumba yote ilinyamaza, ata mwenyi kuuza karanga pale inje alinyamaza. Sijawahi kusikia Birere inanyamaza vile saa ya muchana.

Halafu uangalie kisha yake. Mwezi wa kwanza 2016 banamupa ile zawadi ya bora mwenye anachezea Afrika, na wa pili nyuma yake alikuwa nani? Kidiaba, gardiye wetu wa goli! Batu babili ya ekipe moja, ya kwetu, bamesimama mbele ya Afrika yote. Akaenda Genk, akakamata ubingwa ya Ubelgiji 2019, akaenda Aston Villa, akafunga Wembley kwenye finali ya kikombe mbele ya Manchester City. Ule mutu alitengenezwa Lubumbashi. Watanzania banamupenda na banayo haki, mi nafuataka redio zao kila siku, lakini kila mara banataja Genk na Villa mi nasema ndani ya roho, semeni na Mazembe, semeni tulimupokea akiwa mutoto.

Mputu ni mukubwa, simukatalii. Lakini mu ekipe ya leo nipe Samatta.

Muzee_wa_Katuba (Lubumbashi)

Batoto wangu, nimesoma. Muko sawa lakini munaanzia historia pa 2009 kama vile mbele yake kulikuwa pori.

Hii ekipe ilianzishwa 1939 na bamisionere Benedictins, iliitwa Saint-Georges. Englebert ilikuja kisha, ni jina ya mipira ya motokari, na Tout Puissant baliongeza juu ya vile ilikuwa inashinda. Mi nilikuwa mutoto wa masomo wakati ya Englebert, baba yangu alikuwa na redio moja mukubwa ya mbao na siku ya mechi jirani bote balikuwa banakuja kukaa kwetu, mama anatia chai mu sufuria ile kubwa ya kilio juu vikombe havitoshi. 1967 finali na Asante Kotoko: kule Kumasi 1-1, huku kwetu 2-2. Balisema mechi ya tatu itachezewa Yaoundé, Kotoko hawakuonekana, tukapewa kikombe. Kuko benye banasemaka mpaka leo kama ile ya 67 tulipewa tu. Basi 1968 tukakamata tena mbele ya Étoile Filante ya Lomé, 5-0, kwao balitufunga 4-1 lakini wapi, ilikuwa imeisha. Kisha 1969 na 1970 tukarudi finali tena, tukapoteza na Ismaily, tukapoteza na hawa hawa Kotoko. Finali ine kwa kufuatana! Na kukamata ile kikombe miaka mbili bila kuachia, hakuna ekipe ingine ya Afrika ilifanya tena mpaka Enyimba ya Nigeria 2003 na 2004. Musome vizuri: miaka 36.

Mi narudisha Robert Kazadi Mwamba. Gardiye, mutu wa kulinda goli. Mutoto wa hapa hapa, alizaliwa wakati muji iliitwa Elisabethville.

Najua mutasema 1974, Kombe ya Dunia, Yugoslavia ilitufunga 9-0. Njo hiyo inaniumiza. Batu banataja ile mechi kama vile Kazadi peke yake alikula goli kenda. Goli zilikuwa tatu wakati kocha alimutosha, haikufika ata nusu saa, zingine sita ziliingia na yeye iko pa bench. Mechi ya mbele na Scotland alikuwa mu goli, tulipoteza 2-0 tu, na Scotland ilikuwa na bachezaji wakali. Huyu njo gardiye alikuwa mu goli Addis Ababa 1968 tukikamata kikombe ya Afrika kwa mara ya kwanza, Kalala anafunga, Ghana 0 sisi 1, na Kalala pia alikuwa wa kwetu, wa Englebert. Akarudi kukamata tena 1974 kule Misri. Mutu na vikombe mbili ya Afrika ya mataifa na mbili ya bilabu, unamukumbuka na siku moja mbaya?

Na sababu ya kumurudisha: mukiangalia mechi leo musikilize, mukiwa karibu ya uwanja. Gardiye wetu hapigi kelele. Difansi inalala kila moja na ndoto yake. Kazadi batu banasema ulikuwa unasikia sauti yake kabla ya kuona balo. Goli ya tatu ya Cairo haingii kama kuko mutu anayefokea difansi kutoka dakika ya kwanza. Na kama hamutaki Kazadi juu hamukumuona, basi munipe Bwanga, muchezaji bora ya Afrika mwaka 1973, bekki yetu. Muko na ekipe yenye ilitosha bekki wa kuwa namba moja ya Afrika yote na muko nazungumuza tu bafungaji.

MutotoWaKamalondo

Baba aksanti sana. Ile ya goli tatu ya Kazadi sikuijua, mi pia nilikuwa nasema 9-0 na kucheka kama bengine. Sitacheka tena. Lakini Bwanga ni wa pili, nilisema moja!

DerevaWaKasumbalesa (Lubumbashi)

Mi niko mu njia siku zote, Lubumbashi, Kasumbalesa, Kitwe, Ndola, kurudi, kwa hiyo nitasema jina ya mutu wa upande ile: Rainford Kalaba.

Nitafahamisha. Munasema Mputu wa kuumba, Samatta wa kumaliza, Kazadi wa kufokea. Kalaba alikuwa kidogo ya hizo zote. Alikuwa kapiteni, goli ya kwanza ya Algiers 2015 yenye ndugu wa Goma ametaja ni yake, na alibakia hapa miaka na miaka wakati alikuwa amekwisha kucheza Ulaya na kurudi. Bengine banakujaka Lubumbashi kama kituo ya basi. Yeye alifanya hapa nyumba. Na mukumbuke Zambia ni mulango ya jirani, Kibemba inazungumuzwa pande mbili ya mupaka, kwa hiyo muzambia akivaa ile jezi si mugeni kama vile batu ya Kinshasa banaona.

2012 Chipolopolo, ekipe ya Zambia, wanakamata kikombe ya Afrika kule Libreville, mbele ya Côte d'Ivoire ya Drogba, penalti mpaka 8-7. Kalaba alikosa yake. Na nani alikuja kupiga ya mwisho? Stoppila Sunzu, wetu pia! Bachezaji ya Mazembe babili, moja anakosa, mwenzake anamaliza. Mi nilikuwa nimepaki lori Kasumbalesa upande ya Zambia ile usiku, foleni ilikuwa murefu hatukuvuka siku mbili, madereva bote tulikusanyika pa redio ya lori moja, bakongomani na bazambia tumechanganyikana, na wakati Kalaba alikosa mi niliumia kama vile ni Léopards. Juu mutu mwenye unamuona kila wiki na jezi yako, bendera yake unaibeba kidogo nawe.

Halafu ile mwezi wa ine 2024. Alipata aksida ya motokari kule kwao na habari ya kwanza yenye ilifika ni kama amekufa. Nilikuwa mu njia. Nilipaki kando, nilishindwa kuendesha. Kisha balisema hapana, iko muzima, iko ku hospitali. Nilimushukuru Mungu kwa sauti mu kabini peke yangu. Kwa hiyo mi nikiulizwa nani wa kurudisha, sifikiri mingi.

Na ekipe ya leo inakosa nini? Inakosa mukubwa. Batoto banacheza vizuri, bana mbio, bana nguvu, dakika ya 70 mambo inakuwa mugumu na banaanza kuangaliana. Kalaba alikuwa anaenda kuomba balo wakati bengine banaikimbia.

Kocha_Kadutu (Bukavu)

Bandugu ya Lubumbashi jambo, mi niko Bukavu, nafundishaka batoto mpira huku Kadutu, kwa hiyo munivumilie nikiongea kama kocha.

Wewe MutotoWaKamalondo kuko kitu ntakuambia na usikasirike. Siku ya Espérance, ile 5-0 yenye ulikuwa pa mabega ya mujomba, Mputu hakukuwa pa uwanja. Kumbuka mambo ya Kagame Cup kule Rwanda 2010, mechi na APR, vurugu na refa, FIFA ilimufungia miezi 12, na mwenzake Lusadisu pia balimufungia. Finali ya Espérance hakucheza, kikombe ya dunia ya bilabu kule Abu Dhabi hakucheza. Ile ekipe yenye unaona ukifunga macho, Mputu hayuko ndani.

Sisemi hivyo kwa kukuhaibisha, nasema juu hapo njo kuko jibu yote. Sezoni kubwa kabisa ya historia yetu ilichezwa bila muchezaji wetu mukubwa kabisa. Fikiri hiyo! Pachuca ya Mexico 1-0, goli ya Bedi Mbenza. Internacional ya Brazil, mabingwa ya Amerika ya Kusini, 2-0, Kabangu na Kaluyituka. Ekipe ya kwanza ya Afrika kufika finali ya dunia ya bilabu, na Kidiaba anaruka na makalio yake Abu Dhabi na dunia yote inaangalia. Finali tulipoteza 3-0 na Inter ya Eto'o, goli mbili zikaingia kabla ya dakika ya 20, hapo hakuna la kusema, balikuwa mabingwa ya Ulaya.

Sasa ilitoka wapi? Batu banasahauka 2009. Mwaka 2009 pia tulienda Abu Dhabi, na tulipoteza yote mbili: Pohang ya Korea 2-1, kisha Auckland City 3-2. Auckland! Ekipe ya New Zealand. Tulirudi kichwa chini. Na ni nini balifanya? Hawakutawanyisha ekipe. Kocha alibadilika, Garzitto aliondoka, Lamine N'Diaye akakuja, lakini bachezaji balibakia: Kidiaba, Kimwaki, Kasusula, Mihayo, Bedi, Kabangu, Kaluyituka. Bale bale balikula goli tatu ya Auckland njo balitosha Internacional mwaka moja kisha. Mi nawafundishaka batoto yangu hiyo kila mwaka, nabaambia mukikaa pamoja mukapoteza pamoja mutajuana, unajua mwenzako akichoka anafanya nini, unajua anapenda balo kwa mguu gani.

Leo kijana anacheza sezoni moja muzuri, ameenda. Angalia vile ilienda kisha ya 2016: Bolingi Standard de Liège, Assalé Young Boys, Malango Raja, Muleka Standard. Sibalaumu, kila mutu anatafuta maisha na bilabu inahitaji makuta, lakini kila mara unaanza kujenga pa msingi. Kwa hiyo ata ukirudisha Mputu na Samatta na Kalaba siku moja, kama hawajacheza pamoja miaka mbili, Al Ahly itawangojea tu.

Kuko na kitu ingine ya 2011. Tulikuwa mabingwa mara mbili kwa kufuatana, tunatafuta ya tatu, tukatolewa si na balo bali na karatasi: tulichezesha Besala Bokungu na CAF ikasema hana haki ya kucheza. Balalamikaji balikuwa nani? Simba, yenye tulikuwa tumeipiga. Na kutoka Simba hiyo hiyo mwaka huo huo tukapata Samatta. Mechi mbili na ekipe moja: ilituondolea kikombe moja ikatuletea mutu mwenye alitupa ingine 2015. Mi nikifikiriaka hiyo nasikia baridi.

Lakini ulizo ni ulizo na sitaki kukimbia. Moja tu? Pamphile Mihayo. Kapiteni ya ile ekipe, hakuna mutu anamuwekaka pa picha ya ukuta, na 2017 alikuwa kocha na akakamata kikombe ya Konfederasyo ya CAF mbele ya SuperSport ya Afrika Kusini, 2-1 kwetu na 0-0 kwao. Kukamata 0-0 ugenini kwenye finali ni kazi ya mutu mwenye alielewa mpira akiwa bado anacheza. Ndugu dereva umesema inakosa mukubwa, mi nakubaliana na wewe, tunatofautiana jina tu.

Jaune_na_Bleu (Lubumbashi)

Mi ni wa Lupopo, ile ekipe ingine ya Lubumbashi, na nimesoma yote mpaka mwisho juu maneno ni muzuri. Sisi pia ni ba 1939, sisi pia tuko na bazee benye banakumbuka. Nitajibu kama mutu mwenye alikuwa upande ingine.

Derbi, mutu mwenye nilikuwa naogopa ni Mputu. Siogopi kusema. Baba yangu alikuwa mufanyakazi ya shemindefere, hakukubali jina ya Mazembe itajwe ku meza, lakini siku ya derbi alikuwa anauliza kwanza, "Mputu anacheza?" Kama anacheza anaenda na redio peke yake mu chumba. Hakuulizaka jina ingine. Kwa hiyo MutotoWaKamalondo, ata kama hakuwa siku ya 5-0, usitoe jina yake. Adui anajua mutu anamuumiza.

Mama_Ruashi (Lubumbashi)

Mumetaja bazee, mumetaja Zambia, Tanzania, Ghana, ata Lupopo amekuja kuongea, na hakuna ata moja ametaja bamama.

Mwezi wa 11 mwaka 2024, kule El Jadida ya Maroc, Mazembe ya banamuke ilikamata Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Finali na AS FAR, ekipe ya kule kule Maroc, batu yao, 1-0, penalti ya Marlène Kasaj. Kocha alikuwa mwanamuke, Lamia Boumehdi, mumaroc, amewapiga ndugu zake kwao. Ile mwaka Mazembe ya banaume ilikuwa imetoka demi-finali mwezi wa ine, na batu bote mulikuwa munalia. Mi binti yangu ana miaka 11, anacheza na batoto banaume mu barabara huku Ruashi, na ile siku alivaa jezi ya kaka yake yenye inamufika pa magoti na hakuitoa siku tatu. Akaniuliza, mama ile ekipe iko hapa hapa? Nikamuambia ndiyo, iko hapa hapa.

Kwa hiyo mi nafikiri, mbele ya kurudisha mutu ya zamani, banaume bende kuangalia vile bamama banajipanga nyuma wakati banashinda 1-0 na dakika zinabaki. Hakuna mutu anakimbia mbele kutafuta jina.

Na kama lazima niseme moja, Kidiaba. Kocha amemutaja kidogo tu lakini mi namuweka mbele. Mutu wa Likasi, na zile nywele zake, na kuruka kwake chini kila goli. Binti yangu hakumuona akicheza lakini ile kuruka anaijua, batoto bote ya Ruashi banaijua, banafanya mu vumbi mpaka nguo zinachanika. Ekipe ya leo inacheza kama batu benye banaogopa kukemewa. Huyu alikuwa anafurahi, na mbele yake bote balikuwa banafurahi.

MwanaBirere

Mama umesema kweli, na mi ile finali ya bamama niliifuata. Penalti ya Kasaj nyumba ilinyamaza pia, haikuwa Birere yote lakini ilinyamaza.

Kocha wa Kadutu, ile ya Simba na Bokungu na Samatta umeniacha bila maneno. Miaka yote nafuata hii ekipe sikuwahi kuziweka pamoja.

Muzee_wa_Katuba

Kocha, 2009 na 2010 hawakutawanyisha ekipe, ni kweli. Ata Englebert ilikuwa vile. Kazadi, Kalala na bengine balikuwa pamoja 67, pamoja 68, pamoja 69. Ni maneno moja miaka 40 mbele.

Lakini gardiye bado namutaka.

MutotoWaKamalondo

Bandugu, baba, mama, nimesoma yote mara mbili.

Kocha, sikukasirika. Nilienda kwa mujomba wangu jana kumuuliza. Ameniambia ni kweli, Mputu alikuwa amefungiwa, na ameniambia kitu ingine: siku ya 5-0 mu njia ya kurudi nyumbani mi ndogo nilikuwa naimba jina ya Mputu mabegani mwake, na hakutaka kunikatisha. Miaka kumi na zaidi natembea na ile picha kichwani. Nilikaa kimya kidogo pale kwake.

Sasa sijui nifanye nini na jibu yangu. Lupopo ananiambia nisiitoe, na baba ya mutu wa Lupopo kuuliza kila derbi "Mputu anacheza?" ni kitu kikubwa kwangu. Lakini ile ya kubakia pamoja kisha ya Auckland imeniingia. Nimeanza kuangalia ekipe ya leo kwa macho ingine, sihesabu tena nani mukali, nahesabu bangapi bamecheza pamoja sezoni mbili. Hawafiki nusu, nimehesabu kwa vidole.

Kesho mangaribi tunakaa tena inje. Nitabapelekea Mihayo kwanza, juu najua hakuna ata moja kati yao ametaja Mihayo. Kisha nitabauliza ile ya karatasi ya 2011. Kuko moja pale anasemaka ile mwaka tulipokonywa na Simba bure, na nataka nimuone wakati nitamuambia Samatta alitoka wapi.

Mama Ruashi, binti yako anacheza namba ngapi?

Mama_Ruashi

Namba 9. Lakini akikosa gardiye, anaingia mu goli mwenyewe.